Majina ya Sangailu na Matamshi Yake

Msafiri atokaye mji wa Garissa kwa njia ya kusini, akiuacha mto Tana upande wake wa kuume, hupita Masalani na kuingia nchi kavu ya Ijara. Huko, karibu na msitu wa Boni na mpaka wa Somalia, ndiko iliko Sangailu. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ng'ombe. Mgeni asiyejua lugha yao huona majina yao yameandikwa kwa herufi alizozizoea, lakini akiyatamka hawamwelewi.

Jina la Sangailu lenyewe si gumu. Ng yake ni ile ya ngoma, wala si ya ng'ombe. Ugumu uko katika irabu ndefu, kwani katika Kisomali urefu wa irabu hugeuza maana: dab ni moto, lakini daab ni mpini. Kwa hiyo jina la Dadaab, mji ulio kaskazini katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, lavutwa mwishoni, wala haifai kuongeza irabu na kusema Dadabu. Karibu na Dadaab pana Dagahaley, jina ambalo kwa Kisomali huandikwa Dhagaxley, maana yake mahali penye mawe. Dh hiyo si ile ya dhahabu. Ni d inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi nyuma.

Mwaka 1972 Somalia ilianza kuandika lugha yake rasmi kwa herufi za Kilatini. Herufi c ilipewa sauti ya ain ya Kiarabu, na x ikapewa sauti ya ha nzito itokayo kooni. Hivyo Cali ni Ali, na Xasan ni Hassan. Asiyejua huweza kusoma Cali kama Kali, na mtu mpole akapewa sifa asiyostahili!

Tena, Wasomali hawana jina la ukoo la kurithiwa na nyumba nzima. Mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Na mke haachi majina yake aolewapo. Karani amwitaye mtu kwa jina la mwisho, kwa kweli amemwita babu yake.

Mambo haya si mzaha. Mwaka 1989 Serikali ya Kenya iliwakagua raia wake Wasomali, na watu wazima wakatakiwa kuthibitisha uraia wao. Mtu ambaye cheti chake cha shule chasema Cumar na kitambulisho chake chasema Omar, aweza kuambiwa kuwa hao ni watu wawili. Yafaa mzazi achague namna moja ya kuandika jina la mtoto tangu cheti cha kuzaliwa, na karani aisome kwa sauti mbele yake kabla ya kupiga muhuri.

Hata watu wa msituni jirani, ambao wengine huwaita Waboni, wenyewe hujiita Aweer. Ajuaye jina ni mwenye jina. Na kumwuliza, kama wasemavyo wazee, si ujinga.