Kidonge Kisiachwe kwa Sababu ya Chupa



Wapenzi wasomaji, juma hili tunaandika juu ya jawabu tulilolikosea, nasi twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Tulikuwa Garissa kwa darsa za siku tatu, katika msikiti usio mbali na mto Tana. Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, mada yetu ilikuwa ulevi. Tulisema kwa ukali. Watu walipotawanyika, kijana mmoja, utingo wa lori kutoka kwetu pwani, alibaki nyuma ya nguzo. Alitupa mkono kwa adabu, kisha akanong'ona: "Sheikh, mimi naishi na virusi vya UKIMWI. Dawa nameza kila usiku saa tatu. Lakini siku nikinywa pombe, simezi. Naona haya kuitia dawa juu ya haramu, na nimeambiwa vikichanganyika ni sumu. Je, nafanya sawa?"

Tulimjibu: "Mwanangu, acha pombe kwanza, mengine yatafuata." Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Usiku ule usingizi ulitupaa. Kijana aliuliza juu ya dawa, nasi tulimjibu juu ya chupa. Asubuhi tulimwendea muuguzi mmoja mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, tukamweleza habari bila kumtaja mtu.

Alitufahamisha kwamba dawa hizi haziviondoi virusi mwilini, bali huvizuia visizaane, na ili zivizuie ni lazima ziwemo katika damu kila siku. Mtu akiruka siku moja juma hili na mbili juma lijalo, virusi huamka, na huenda vikazoea dawa hata ile iliyokuwa ikimfaa isimfae tena. Ama anayedumu nazo mpaka virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Pombe, kwa upande wake, hudhuru ini, humsahaulisha mtu saa yake, humlaza bila chakula. Lakini kumeza kidonge hicho baada ya kunywa si kunywa sumu. Hatari kubwa zaidi ni kukiacha, na wengi hukiacha kwa hofu hiyo hiyo.

Tulipotafakari, tuliona kijana alikuwa amefanya kiyasi chake mwenyewe. Qur'ani, kabla ya kuiharamisha pombe moja kwa moja, iliwakataza waumini kuikaribia sala hali wamelewa. Naye akakifananisha kidonge na sala. Lakini sala ina masharti ya akili na tohara. Dawa haina masharti hayo. Kunywa pombe ni dhambi, na toba yake ni wajibu leo kabla ya kesho. Kuacha dawa ni kuihatarisha nafsi, nayo ni amana. Hilo ni kosa la pili, wala halilifuti la kwanza.

Imo katika Sahihi Bukhari habari ya mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara nyingi kwa ajili ya ulevi. Akaadhibiwa, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume Wake. Adhabu ilipita, na mlango ukabaki wazi. Sisi usiku ule tuliufunga.

Na Kaskazini Mashariki, mlango uliofungwa una uzito zaidi. Maambukizi huko ni machache kuliko sehemu nyingi za Kenya. Uchache huo ni neema, ila humwacha mgonjwa peke yake. Pombe nayo hunywewa kwa kificho. Basi mwenye siri mbili hujificha mara mbili: nyumbani huificha chupa, na kliniki akiulizwa kama hunywa, hukana, kwa kuwa huenda anayeuliza ni jirani au mtu wa ukoo wake.

Kwa hivyo twasema: aliyeteleza akanywa, asiiache dawa yake usiku ule. Akiisahau, aimeze akumbukapo, wala asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Amwambie tabibu ukweli, kwani siri ya mgonjwa ni amana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI huilinda. Nanyi watu wa nyumbani, mkumbusheni saa yake kwa upole, kama mnavyomwamsha kula daku.

Tulirudi msikitini kumtafuta kijana yule. Tukaambiwa lori lake limeondoka alfajiri kuelekea Wajir.

Mwanangu, popote ulipo, jawabu ulilostahili ni hili: meza dawa yako leo, hata kama jana ulikosea. Kisha uje tuzungumze juu ya pombe. Mara hii tutakusikiliza kwanza.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wasitiri waja Wako, na utupe ndimi zenye huruma. Amin.