Sifuri ya Mbele

Mtu huweza kukosea kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamtafuta mwenziwe wa kumtwisha. Hili la mpwa wangu nililishuhudia hapa Mpanda.

Kazi yake ni kutunza seva za ofisi moja ya Dar es Salaam, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Hazitengenezi moja moja. Huandika maagizo mara moja, na programu iitwayo Ansible, iliyotoka mwaka 2012 (mwaka ule ule mkoa wetu wa Katavi ulipozaliwa), huyatimiza katika zote. Kabla ya kuja likizo aliyasafisha maagizo hayo, akamwachia msaidizi wake ayaendeshe.

Siku ya tatu tumeketi barazani Makanyagio, simu ikalia. Maagizo yamepita, hakuna kosa lililoonyeshwa, lakini huduma zote zimelala. Kijana akapandwa na hasira.

"Mjomba, yule amegusa asichokijua. Leo namwandikia mkubwa wa kazi."

Nikamwuliza, "Faili lenyewe umeliona, mwanangu, au umesikia simu tu?"

Akanyamaza, akafungua kompyuta yake. Nakueleza kama alivyonieleza, nami nilimrudisha mara tatu ndipo nikafahamu. Kila faili lina idhini zake, nazo huandikwa kwa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Yeye alitaka 644, yaani mwenye faili asome na kuandika, wengine wote wasome tu. Lakini hesabu hiyo huenda kwa nane, si kwa kumi, na katika maagizo yale alama yake ni sifuri ya mbele: 0644. Alipokuwa akisafisha aliiona sifuri ile haina kazi, akaifuta. Hata mimi nimefundisha darasani miaka mingi kwamba sifuri ya kushoto haina thamani! Basi Ansible ikaisoma 644 kama tunavyohesabu sokoni, na hiyo kwa hesabu ya nane ni 1204. Ikatii. Mwenye faili akaruhusiwa kuandika lakini asisome, na mpita njia akaruhusiwa kusoma. Programu ikafungiwa nje ya faili lake yenyewe.

Akairudisha sifuri, akaitia ndani ya alama za kunukuu ili isisomwe vingine, akajaribu kwanza kwenye seva moja. Ikawaka. Barua kwa mkubwa haikuandikwa. Alimpigia msaidizi wake, na neno "kosa ni langu" halikumtoka mpaka nilipomkazia macho.

Nilikuwa na sababu. Zamani mgeni mmoja aliniandikia kwamba atashuka stesheni ya Mpanda saa 9. Nikamwambia mwanafunzi wangu, "Kesho saa tisa mchana uwe stesheni ukampokee," nikaenda zangu shamba. Jioni mgeni akaniambia amekaa juani saa sita nzima. Nikamkaripia mtoto yule mbele ya wenziwe kwamba alikwenda kucheza njiani. Hakujibu neno.

Barua niliisoma tena baada ya wiki. Mgeni alihesabu saa za kizungu, akashuka saa tatu asubuhi. Nikatoka kumtafuta yule mtoto, nikaambiwa amekwisha kupanda treni kwenda Tabora. Chuoni hakurudi tena, wala sijamwona mpaka leo.