Dündar Amebadilika Sura: Tuwajibu Nini Watoto?

Miongoni mwa mambo yaliyoingia katika nyumba zetu hapa Lushoto miaka ya karibuni ni tamthilia ya Kituruki iitwayo Diriliş: Ertuğrul. Baridi ya Juni na Julai inapowarejesha watu ndani mapema, na ukungu ukishafunika mabonde ya Soni na misitu ya Magamba, ndiyo saa yake. Watoto wetu wanayajua mahema ya kabila la Kayı kuliko wanavyovijua vitongoji vya jirani. Wamechonga panga kwa matawi ya mikaratusi, na wakigawana majina, kila mmoja hutaka kuwa Turgut mwenye shoka au Bamsı mwenye panga mbili.

Hatuandiki kwa nia ya kuilaumu tamthilia hiyo wala ya kuipigia debe. Tunaandika kwa sababu watoto wameanza kuyaona mapengo yaliyomo ndani yake, na maswali yao yameshafika hadi kwenye kikao cha kamati ya msikiti.

Ni vyema tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Tamthilia hii, aliyoibuni Mehmet Bozdağ, ilianza kuonyeshwa na kituo cha TRT 1 cha Uturuki tarehe 10 Desemba 2014, ikamalizika tarehe 29 Mei 2019. Ina misimu 5 na sehemu 150, kila moja ikiwa na urefu wa karibu saa 2, na ilipopelekwa nchi za nje ilikatwakatwa ikawa vipande zaidi ya 400. Haijapoa, Novemba 2019 ikafuata nyingine, Kuruluş: Osman, inayoendeleza kisa kwa mwana wa Ertuğrul. Kisa kirefu namna hiyo, kinachoendelea kutungwa huku sehemu za nyuma zimeshatazamwa na watu, hakiwezi kukosa viraka. Fundi aliyekwisha kukata kitambaa na kukishona hawezi tena kurudi nyuma akabadili kipimo.

Viraka hivyo watoto wameviona vyote. Wameona kwamba Dündar, mdogo wake Ertuğrul, alikuwa na sura moja katika misimu miwili ya mwanzo, kisha akarejea katika msimu wa tatu akiwa na sura nyingine, na katika kisa cha Osman akatokea na sura ya tatu. Wameona kwamba Halime, mke wa Ertuğrul waliyemzoea kwa misimu minne, hayupo kabisa katika msimu wa tano. Kisa kimeruka miaka kama 10 na tunaambiwa tu kwamba alishafariki. Wameona kwamba ndugu wawili wakubwa, Gündoğdu na Sungurtekin, wanaachwa nyuma kabila linapogawanyika mwishoni mwa msimu wa pili, na hema zao zinatoweka machoni petu. Wameona kwamba Noyan, jemadari wa Kimongolia aliyeonekana amekwisha katika msimu wa pili, anazuka tena katika msimu wa nne. Wameona pia, na hili liliwachekesha, kwamba kila msimu una msaliti anayekaa karibu kabisa na hema la bey: mara Kurdoğlu, mara Gümüştekin, mara Ural. Na kila mara wazee wa kabila wanadanganyika upya, kana kwamba hawajawahi kudanganywa.

Lau mambo yangeishia kwenye kicheko, tusingekuwa na la kuandika. Lakini mwanafunzi mmoja wa madrasa, kijana wa darasa la sita, alisimama baada ya somo la sira akauliza: "Ustadhi, kama hadithi ya Ertuğrul imetungwa, tutajuaje kuwa hii tunayosoma haikutungwa?" Ustadhi alimtaka aketi. Siku ya pili, babake kijana yule alikuja kutueleza kwamba mwanawe hakuridhika, na yeye mwenyewe hakuwa na jibu la kumpa.

Jambo hilo likaingia katika agenda ya kamati, nasi, kwa kazi yetu ya ukatibu, tukayaandika maneno ya kila upande. Mzee wetu mmoja alishauri watoto wakatazwe kuitazama, kwa hoja kwamba kisa chenye uongo humzoesha mtoto uongo. Mzazi mwingine akapinga. Alisema kwamba mwanawe alianza kuipenda swala ya jamaa kwa kumwona Ertuğrul akiswali na askari wake, na kwamba ni bora watoto wapewe majibu mepesi, wasichokonolewe. Pande zote mbili zilikuwa na uchungu wa dini na wa watoto. Hata hivyo, hakuna upande uliomjibu yule kijana. Wa kwanza ulimwondolea kisa, wa pili ulimwondolea swali.

Sisi tuliona kwamba swali lake lilikuwa la kielimu, tena ni lile lile lililowafanya wanazuoni wetu waasisi elimu ya hadith. Tukaomba ruhusa ya kamati tukae na watoto Jumamosi mbili, tukiwa na ubao na chaki, tuyachambue mapengo hayo moja baada ya jingine. Yaliyopatikana humo ndiyo tunayotaka kuwashirikisha wasomaji.

Kwanza tuliwaeleza kwamba mapengo hayafanani. Lipo pengo litokalo nje ya kisa, kama sura ya Dündar. Mwigizaji wa kwanza, Arda Anarat, aliondoka, akaja Batuhan Karacakaya, na katika kisa cha Osman akaja Ragıp Savaş ili amwakilishe Dündar mtu mzima. Pengo hili halina siri. Ni sawa na muadhini mmoja kusafiri na mwingine kushika nafasi yake: sauti imebadilika, adhana ni ile ile. Lipo pia pengo la uvivu wa mtunzi, kama wale wasaliti wa kila msimu. Mtunzi ameona hila imewashika watazamaji mara moja, akairudia mara ya tatu na ya nne.

Lakini lipo pengo la aina nyingine, nalo ndilo lililotushughulisha zaidi, yaani pengo lililomo katika historia yenyewe. Watoto walidhani kutoweka kwa Gündoğdu na Sungurtekin ni uzembe wa mtunzi. La hasha. Waandishi wa zamani wa Kiosmani, akiwemo Aşıkpaşazade, wanasimulia kwamba ndugu hao walirudi walikotoka na Ertuğrul akabaki na kundi dogo, hema kama 400. Hapo mtunzi amefuata mapokeo. Noyan naye ana mfano wake katika historia: Baiju Noyan ndiye aliyeongoza jeshi la Wamongolia lililowashinda Waseljuk huko Köse Dağ mwaka 1243, hivyo haikuwezekana kumzika mapema.

Hapo ndipo watoto walipouliza, basi ni kipi kinachojulikana kwa hakika? Jibu liliwashangaza kwa ufupi wake. Ertuğrul anakadiriwa kufariki karibu na mwaka 1280, na Aşıkpaşazade aliandika karibu miaka 200 baadaye. Ushahidi wa karibu na zama zake ni sarafu za mwanawe zenye jina la Osman bin Ertuğrul. Hata babake Ertuğrul wamehitilafiana juu yake. Mapokeo yaliyoenea, ambayo tamthilia imeyafuata, yanamtaja Süleyman Şah, na wengine wanamtaja Gündüz Alp. Ama Ibn Arabi, tunayemwona akimwombea na kumwongoza Ertuğrul, ni mtu wa kweli aliyezaliwa Murcia huko Andalusia mwaka 1165 na kufia Damascus mwaka 1240, lakini hakuna hati inayothibitisha kwamba wawili hao walipata kuonana. Sadettin Köpek naye alikuwa waziri wa kweli wa Waseljuk, na historia inasema aliuawa kwa amri ya sultani wake. Tamthilia imeuweka upanga huo mkononi mwa Ertuğrul.

Kurasa chache, basi, zimejazwa zikawa saa 300. Mtunzi hakutenda kosa kwa kutunga, maana hiyo ndiyo kazi yake. Kosa huja pale sisi wazazi tunapokaa kando ya mtoto na kumwambia, "Haya ndiyo mambo yalivyokuwa."

Jumamosi ya pili tulizungumzia kubadilika kwa tabia za watu, na mazungumzo haya yaliwagusa zaidi kuliko yale ya sura. Selcan, mke wa Gündoğdu, katika msimu wa kwanza ni mfitini wa kuogopwa. Katika msimu wa pili anajuta na kuwa nguzo ya familia. Watoto walimkubali. Dündar je? Yule mdogo waliyempenda, aliyekuwa akimfuata kaka yake kila mahali, katika kisa cha Osman anakuwa msaliti na anauawa na mtoto wa kaka yake. Binti mmoja wa miaka 10 alisema aliuzima ule mchezo akaenda kulala, hakutaka kuona mwisho.

Tuliwauliza ni kwa nini wamemkubali Selcan wakamkataa Dündar, ilhali wote wawili wamebadilika. Walijadiliana kwa muda, na hatimaye wakasema kwamba Selcan walimwona akibadilika. Waliona alichokipoteza kwa fitina zake, wakaona alivyoomba radhi na alivyodharauliwa kabla ya kusamehewa. Dündar walimwacha akiwa kijana, wakamkuta mzee mwenye chuki, na njia ya katikati hawakuonyeshwa. Tukawaeleza kwamba hapa pia mtunzi alibanwa, kwani wapo wanahistoria wa kale waliosimulia kwamba Osman alimuua ami yake Dündar. Alikuwa na mwanzo mtamu alioutunga mwenyewe na mwisho mchungu alioupokea, na daraja la kuviunganisha halikujengwa.

Kisha tukawakumbusha Khalid bin al-Walid. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alikuwa upande wa maadui, na ndiye aliyewazunguka Waislamu kwa wapanda farasi wake. Mwaka wa 8 alisilimu. Vitabu vya sira havituruki hapo. Vinatueleza habari za nduguye aliyetangulia kusilimu na kumwandikia barua, wenzake aliosafiri nao kwenda Madina, na jinsi lilivyomkaa moyoni yale aliyoyatenda zamani. Binadamu wa kweli hubadilika kwa sababu, na hubadilika kwa gharama. Mtoto anayejua kuitafuta sababu hiyo katika tamthilia ataitafuta pia kwa rafiki yake, kwa mzazi wake, na kwa nafsi yake.

Wala hatuna haja ya kwenda Uturuki kutafuta mifano. Milima hii ina kisa chake kirefu cha Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, aliyekataliwa na nduguze kwa kuwa kigego, akafika Usambara, akaua simba na kutawazwa kuwa Simba Mwene huko Vugha. Aliyetuandikia kisa hicho kwa Kiswahili, katika Habari za Wakilindi, ni Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, aliyepata kuwa liwali wa Tanga. Hakuwaficha nguruwe wala vigego ili kumsafisha shujaa wake. Mwanahistoria Mmarekani Steven Feierman, aliyefanya utafiti wake Usambara katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alikuta kisa hicho kikisimuliwa kwa namna zinazotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Wazee wetu waliishi na tofauti hizo bila kutikisika, wakijua kwamba anayesimulia huwa na mahali alipokaa.

Sasa tulirudie swali la kijana wetu. Tulimjibu hivi: tofauti kati ya sira na tamthilia haiko katika kukosa mapengo, kwani wanazuoni nao wana mapengo yao. Hata tarehe ya kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.) wamehitilafiana: wengi wanataja mwezi 12 wa Mfungo Sita, wengine mwezi 8, wengine mwezi 9. Lakini wao wamelionyesha pengo lao. Wamemtaja nani kapokea kwa nani, wamesema fulani ni dhaifu na fulani ni madhubuti, na walipofika mwisho wa elimu yao wakaandika Wallahu a'lam. Mtunzi wa tamthilia akifika kwenye pengo hulijaza kwa vita. Mwanachuoni akifika hapo husimama. Anayekuonyesha mahali asipojua ndiye unayeweza kumwamini mahali anaposema anajua.

Katika karne ya 12 huko Baghdad, Ibn al-Jawzi aliandika kitabu kizima kuhusu wasimulizi wa visa misikitini na mabarazani. Aliwakemea waliobuni maneno na kuyahusisha na dini, lakini aliwathamini waliosimulia kwa ukweli na kwa faida. Nasi tumeona ni busara kushika njia hiyo.

Kamati haikupiga marufuku. Imeafiki kwamba walimu wa madrasa watenge nusu saa kila Jumamosi, na kwamba wazazi wanaoruhusu tamthilia majumbani wakae pamoja na watoto, wakiwa na maswali matatu: Hili nani kalipokea? Huyu kabadilika kwa sababu gani? Na hapa pana pengo, nani kalijaza? Ubaoni petu tumepiga mstari katikati. Upande mmoja tunaandika yaliyothibiti, upande wa pili yaliyotungwa. Upande wa pili ndio mrefu, na watoto hawajaacha kuipenda tamthilia yao.

Kijana wa darasa la sita sasa ndiye anayeshika chaki. Juma lililopita aliongeza safu ya tatu, nyembamba, pembeni kabisa mwa ubao, akaandika juu yake: Wallahu a'lam.