Meza ya Dirishani, Mombo

Mama msomaji, kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha, bila shaka umepita Mombo. Labda hukuutazama mara mbili. Ni mji mdogo wilayani Korogwe, chini ya milima ya Usambara, wenye joto na vumbi, na mashamba ya mkonge si mbali. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya kupanda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona kupitia Soni. Wa kwenda milimani hushuka, wa kwenda mbele hunyoosha miguu, na wote hutafuta chai.

Sisi chai yetu tuliinywa katika mgahawa mmoja karibu na kituo cha mabasi. Usidhani palikuwa mahali pa fahari. Palikuwa na mabenchi, meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua, kabati la kioo lenye maandazi, sambusa na kachori, na kule uani karai la mafuta lisilopoa. Mama mwenye mgahawa alikaanga mwenyewe na kupokea fedha mwenyewe, hakumwamini mtu. Chai yake ya maziwa ilikuwa na tangawizi ya kuunguza koo, katika joto lile! Lakini ukiimaliza ulipata nafuu.

Mume wangu alikuwa mwalimu Moshi. Tulifunga ndoa mwaka 1981. Mama mkwe aliishi huko juu, mbele ya Soni, na kwa mshahara wa mwalimu hatukuweza kupanda hadi kwake kila mara. Basi tulimpelekea barua kwa mkono wa dereva, naye akateremka kutukuta Mombo. Alikuja na kapu: peasi, plamu za msimu, kabichi moja kubwa. Sisi tulimletea sukari, sabuni na, tukijaliwa, kitenge. Tukazungumza saa mbili tatu, kisha kila mtu na basi lake.

Miaka saba ilipita bila mtoto. Wenzangu mliopitia hali hiyo mnajua kwamba kinachouma si tumbo, ni masikio. Wazee wa ukoo wa mume wangu walikuwa wamekwisha kukaa kikao na kumshauri aoe mke wa pili. Yeye hakuniambia, niliyapata kwa watu. Kwa hiyo Agosti 1988, dereva alipotuletea ujumbe kwamba mama anatutaka Mombo sote wawili, Jumamosi, bila kukosa, nilijua naitiwa hukumu. Safari nzima sikusema neno. Hata milima ya Upare sikuiona.

Tulimkuta kwenye meza ya dirishani, ile tuliyoizoea. Hakuwa peke yake. Kando yake alikuwapo mtoto wa kike wa miaka mitatu, amekaa wima kama mgeni wa heshima, mdomo umejaa andazi. Nilimtambua. Alikuwa mtoto wa wifi yangu aliyefariki mwaka uliotangulia.

Mama mkwe aliagiza chai, akasali kwa Kisambaa, sala ndefu hata chai ikapoa. Kisha akanigeukia mimi, si mwanawe.

“Mwanangu, nimewaita huku chini kwa sababu kule nyumbani neno halikai ndani. Huyu ni damu ya mume wako, na mimi nimezeeka. Mchukue, awe wako. Na wewe, baba, ukioa mwanamke mwingine, usimlete kwangu.”

“Ndiyo, mama,” akajibu mume wangu, akainamia glasi yake.

Mimi nililia mbele ya abiria wa basi zima. Mwenye mgahawa, ambaye hakuwa na desturi ya kutoa kitu bure, alikuja na sahani ya sambusa nne, akaiweka mezani, akaenda zake. Kumbe hata pale neno halikukaa ndani.

Mtoto alilia tulipoondoka. Alilia mpaka Hedaru, ndipo akalala mapajani mwangu. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, siwafichi. Usiku alimwita bibi yake, nami sikujua hata kumsuka nywele bila kumwumiza. Kila likizo tulimrudisha Mombo amwone bibi, na bibi alimsimamisha dirishani kuona amefika wapi kwa urefu. Hatukupata mtoto mwingine. Mke wa pili hakuja.

Mama mkwe alifariki mwaka 2006. Siku hizi binti yetu ana watoto wawili. Tulipokuwa tunakwenda Lushoto karibuni alisimamisha gari Mombo bila kuniuliza. Pale palipokuwa na mgahawa wetu sasa panauzwa vipuri vya pikipiki. Tukaingia jirani. Akatafuta meza iliyo karibu na dirisha, akaagiza chai ya tangawizi na sambusa nne. Wajukuu walitaka soda. Yule mdogo alishika andazi kwa mikono miwili, akawa anatazama mabasi.

Sambusa za siku hizi, niseme kweli, viazi vimezidi nyama. Nilikula mbili.