Kanda la Usufi: Mzigo na Mchukuzi Mjini Malindi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mtu anayedharau dhiki ya mwingine. Mjini Malindi, hata hivyo, methali hiyo yaweza kuchukuliwa jinsi ilivyo. Kabla jua halijawa kali, mizigo ya watu huwa imekwisha kushika njia kutoka sokoni na madukani kuelekea Shela, Maweni, Barani na Kisumu Ndogo: magunia ya unga, kreti za soda, mifuko ya saruji, mikungu ya ndizi na mitungi ya maji. Mwenye kuletewa huuona mzigo ukifika mlangoni. Aliyeuleta huangaliwa kwa nadra, na uzito aliouvuta hausemwi kabisa.

Suala la usafirishaji wa bidhaa mijini limezua mjadala mpana duniani. Miji kadhaa ya Ulaya imerejea kwenye baiskeli za mizigo ili kupunguza moshi na msongamano wa magari katika mitaa yake. Kwa mkazi wa Pwani ya Kenya jambo hili si geni hata kidogo. Katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, punda ndio wabebao mawe na mchanga vichochoroni. Mombasa, Kilifi na Malindi zina mkokoteni. Ikiwa kigezo ni moshi pekee, basi mkokoteni ulikwisha kufaulu mtihani huo kabla haujatungwa.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi zaidi. Hamali, neno lenye asili ya Kiarabu, humtaja mtu kwa kazi yake ya kubeba. Mchukuzi latokana na kuchukua. Nalo mkokoteni latokana na kukokota. Umbo la neno hili la mwisho linafanana na amri inayotolewa kwa watu wengi: kokoteni! La kusikitisha ni kwamba amri hiyo, ambayo kisarufi ni ya wingi, mara nyingi hutiiwa na mtu mmoja.

Hapo ndipo neno endelevu linapohitaji kuhojiwa. Maji yanayotoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, yasipofika mabombani, wachuuzi huyapeleka mitaani kwa mikokoteni. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi 20 ni kilo 400, kabla ya kuhesabu uzito wa mbao na magurudumu. Breki aghalabu ni kipande cha tairi kuukuu kilichofungwa nyuma. Kinachokiendesha chombo hicho ni misuli na mgongo wa binadamu, ambao ukiumia hauna kipuri wala malipo ya siku ya kulala kitandani. Mkokoteni hauchafui hewa, lakini humchakaza mtu. Na chombo kinachomchakaza mwendeshaji wake hakistahili kuitwa endelevu kwa sababu tu hakitoi moshi.

Si ajabu basi kwamba vijana wengi waliipokea pikipiki kwa furaha. Bodaboda ni neno lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda enzi za baiskeli, likahamia kwenye pikipiki, hususan baada ya serikali ya Kenya kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya thamani mwaka 2008. Leo pikipiki hupeleka samaki hotelini, mitungi ya gesi majumbani na vifurushi vya kila namna, huku tuktuk ikibeba yale yasiyotoshea kitini. Pikipiki iliupumzisha mgongo. Fauka ya hayo, ilimpa kijana heshima ya kumiliki chombo. Lakini ilikuja na deni, ajali na petroli ambayo bei yake hupangwa mbali na kijiwe anachongojea wateja.

Sasa tumaini limeelekezwa kwenye umeme. Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme. Kaunti ya Kilifi ina sababu yake ya kuupokea mwelekeo huu, kwani huko Langobaya, bara ya Malindi, kiwanda cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 52 kilianza uzalishaji wa kibiashara mwishoni mwa mwaka 2021. Jua lile lile linalomchoma mkokota mkokoteni laweza kumvutia mzigo. Hata hivyo, kubadilisha petroli kwa betri bila kubadilisha masharti ya deni ni kumtua mchukuzi mzigo mmoja na kumtwika mwingine.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezikabidhi kaunti barabara zao, maegesho, masoko na uchukuzi wa umma. Kwa hivyo mambo mengi yanayohitajika yamo katika uwezo wa kaunti: malori yatokayo Mombasa yashushe shehena pembeni mwa mji, nayo mikokoteni na tuktuk imalizie safari, mikokoteni itengewe njia na mahali pa kusimama, breki halisi na mota ndogo ya umeme zifungwe kwenye magurudumu, na vyama vya wachukuzi visaidiwe kununua betri kwa ushirika. Muhimu zaidi, hamali na mwendesha bodaboda waitwe katika vikao vya kupanga mji, kwani hao ndio wanaojua ni mteremko upi unaoua na ni kona ipi isiyopitika mvua inyeshapo.

Endelevu ni neno lililonyambuliwa kutokana na kuendelea. Wapangaji wa miji hulitumia wanapozungumzia hewa, ardhi na nishati, na ni haki walitumie hivyo. Lakini Malindi inawadai waongeze swali moja: je, anayevuta mkokoteni akiwa na miaka 25 ataweza kuendelea kufanya kazi, na kusimama wima, atakapofika miaka 50? Mpango wowote usiojibu swali hilo bado unauona mzigo wake kuwa ni usufi.