Mbolea ya Kitale, Maji ya Ziwa

Masika yaanzapo Kitale, mkulima wa mahindi hutia mbolea na kuingoja neema. Aghalabu hafikirii kwamba mvua kubwa huing'oa sehemu ya rutuba hiyo pamoja na udongo, ikaingia Mto Nzoia, ikapita Webuye katika Bungoma, hatimaye ikamwagika Ziwa Victoria huko Budalang'i.

Ziwani humo huishi fitoplanktoni, vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo ni msingi wa chakula cha samaki. Katika miaka ya 1960 diatomu, zenye maganda ya silika, zilikuwa tele. Fosforasi kutoka bonde zima la ziwa ilipozidi, zilizaana hadi zikaipunguza silika yenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, sianobakteria walikuwa wametamalaki: baadhi huitwaa nitrojeni hewani, wengine huelea juu kuufuata mwanga, maji yakiwa na tope. Wamo wenye sumu, na waozapo huimaliza oksijeni.

Maji hufuata mkondo. Mbolea iliyosombwa huwatia hasara watu wawili wasiojuana: mkulima aliyeinunua kwa jasho, na mvuvi anayeopoa nyavu tupu. Matuta na nyasi zinazozuia udongo Kitale huwafaa wote wawili.