Katika Magenge ya Mto Colorado

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikieni habari za safari yangu ya Marekani. Nimeona heri niache habari za miji mikubwa, ambayo kila mmoja wenu amekwisha kuiona katika picha, niseme habari za mto mmoja tu. Mto huo ni Colorado. Jina lake ni la Kihispania, na maana yake ni wekundu, kwa kuwa zamani ulikuwa ukibeba tope jekundu la jangwani mchana na usiku. Lakini mimi nilipouona, mwezi wa Juni 2024, maji yake yalikuwa ya kijani, maangavu kama maji ya kisima. Sababu yake nitaieleza.

Dada yangu mkubwa ni mwuguzi katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona. Alinichukua kwa motokaa mwendo wa saa nne na nusu kwenda kaskazini, hata tukafika mji mdogo uitwao Page. Mji huo haukuwako kabla ya mwaka 1957. Ulijengwa kwa ajili ya wafanya kazi wa bwawa la Glen Canyon, ambalo kazi yake ilianza mwaka 1956 na ukuta wake ukakamilika mwaka 1963. Kimo cha ukuta huo ni mita 216, na nyuma yake maji yamefanya ziwa kubwa katikati ya jangwa, nalo ni Ziwa Powell. Basi tope lote la mto hutua humo ziwani, na maji yatokayo chini ya ukuta ni maangavu. Hiyo ndiyo sababu ya ule ukijani. Tena ni maji ya baridi, kwa kuwa hutolewa vilindini ambako jua halifiki. Kwa miaka mingi joto lake lilikuwa yapata digrii 8 hadi 10 tu. Miaka hii ya karibuni, ziwa liliposhuka, yamepata joto kidogo.

Jambo moja lilinichekesha huko. Arizona hawabadilishi saa zao wakati wa kiangazi, lakini nchi ya Wanavajo, iliyo kando tu ya mji, hubadilisha. Simu yangu ikawa inaruka saa moja mbele, mara saa moja nyuma, na mimi kichwani bado nahesabu saa kwa Kiswahili. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, zima hiyo simu. Fuata saa yangu ya mkononi, nayo haina siasa."

Kesho yake alfajiri tulikwenda Lees Ferry, yapata kilomita 65 kwa barabara, ingawa kwa mto si mbali hivyo. Barabara haina budi kuzunguka, maana mto umezungukwa na magenge, na mahali ambapo motokaa yaweza kuteremka hata ukingoni ni pachache sana. Hapo palikuwa na kivuko tangu miaka ya 1870, cha mtu aitwaye John D. Lee, na watu walivushwa hapo hata mwaka 1928; daraja likafunguliwa mwaka 1929. Motaboti ikatupakia pamoja na mitumbwi yetu, ikapanda mto, ikatushusha penye mchanga yapata kilomita 16 juu ya kivuko, kisha ikaenda zake. Kurudi kulikuwa juu yetu wenyewe.

Mitumbwi hiyo huitwa kayaki. Ni ya plastiki, myembamba, na kila mtu hukaa peke yake akinyosha miguu mbele. Kafi lake lina bapa mbili, moja kila upande, nawe walishika katikati kama mchukuzi wa mzegazega. Wavuvi wa kwetu wangalicheka, lakini chombo hicho ni chepesi mno na hutii kila pigo la kafi. Kabla hatujaingia majini dada alinishika bega akasema, "Sikiliza. Ukianguka, usianze kuogelea. Baridi itakukata pumzi. Elea tu na koti lako mpaka pumzi irudi, ndipo ufanye jambo lingine." Nikaitika, nikaona ni maneno ya mwuguzi apendaye kuonya.

Hapo penye mchanga pana mwamba uliochongwa picha na wenyeji wa kale: kondoo wa mwituni wenye pembe zilizopinda, wamepangana mistari kama wanaoteremka mlimani. Tulisimama mbele yake kitambo, hakuna aliyesema neno. Kisha tukaanza safari.

Sijui nitaielezaje ile njia. Kuta zilisimama kila upande, nyekundu, na kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia matone yakidondoka kutoka kafi langu. Kuta hizo ni jiwe la mchanga. Yapata miaka milioni 190 iliyopita nchi hiyo ilikuwa jangwa la vilima vya mchanga vinavyohama kwa upepo, na mistari ya mshazari iliyoachwa na upepo ule yaonekana hata leo ndani ya jiwe. Korongo mrefu wa kijivu alikuwa akivua ukingoni; tulipomkaribia aliruka, akatua mbele, tukamkaribia tena, akaruka tena, akawa kama mwongozi wetu.

Hata tukafika Horseshoe Bend, yaani mpindo wa kwato ya farasi. Hapo mto huzunguka jabali moja kubwa karibu urudi ulikotoka. Ukuta ni yapata mita 300, na juu yake tuliona watalii wadogo kama sisimizi. Katika darasa la jiografia twafundishwa kuwa mto hupinda-pinda ukiwa mzee, upitapo tambarare. Wanafunzi huuliza: basi huu umepindaje ndani ya mwamba? Jibu ni kwamba mipindo ilikuwapo kwanza. Baadaye nchi ikainuka polepole, na mto haukuiacha njia yake ya zamani. Ukaichimba chini, na mipindo yake yote.

Nilimfikiri John Wesley Powell, ambaye ziwa limeitwa kwa jina lake. Alikuwa na mkono mmoja tu, wa kuume ukiwa umepotea vitani mwaka 1862. Tarehe 24 Mei 1869 aliondoka na wenzake tisa katika mashua nne kuupima mto huu na ule uuingiao, Green, ambao haukuwa na ramani ya kuaminika. Mmoja aliacha mapema. Huko chini, ndani ya Grand Canyon, chakula kikiwa karibu kwisha, watatu waliogopa maporomoko wakapanda nchi kavu, wala hawakuonekana tena. Siku mbili baadaye wale sita waliobaki majini walitoka salama.

Alasiri upepo ukaanza kuvuma usoni, kama ilivyo desturi ya bonde lile. Motaboti moja ilipita kwa kasi, na mawimbi yake yakampata dada ubavuni. Niligeuka nikaona kayaki yake imelala kifudifudi, na kafi linakwenda zake.

Nikapiga kelele, "Dada! Dada!" Aliibuka, mdomo wazi, hakuna sauti. Nilimfikia, nikataka kumvuta kwa mkono. Akatikisa kichwa. Alikuwa anaelea tu, macho yamemtoka, anatafuta pumzi. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika arobaini, na kwangu ilikuwa kama saa nzima. Ndipo akasema, "Sasa." Akashika nyuma ya mtumbwi wangu, nami nikavuta kafi kuelekea ukingoni kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, maana chombo kilikuwa kizito kama kimefungwa nanga. Tulipofika mchangani midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na vidole havikuweza kufungua kifungo cha koti. Rehema ya jangwa ni mawe yake. Yalikuwa ya moto kama kikaango, akayalalia kama mjusi, na baada ya nusu saa akaanza kumtukana yule mwenye motaboti. Hapo nikajua amepona. Kayaki yake tuliikuta imekwama mbele kidogo. Kafi liliokolewa na wavuvi wa trauti.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tumekwisha kulipia ndege, nayo ni ndege ndogo ya injini moja. Dada haogopi maji, hata baada ya yale, lakini ndege ndogo hazipendi kabisa. Sikumwambia habari ya tarehe 30 Juni 1956, ndege mbili kubwa za abiria zilipogongana juu ya Grand Canyon, wakafa watu wote 128. Tuliruka mapema, kabla ardhi haijapata moto, maana baadaye hewa huchafuka na ndege hurushwa-rushwa.

Kutoka juu mto ulikuwa uzi tu. Mpindo uliotuchukua muda mrefu kuuzunguka ulipita chini ya bawa kabla sijavuta pumzi mbili. Kisha ukuta wa bwawa, mweupe, mdogo kama jino, na nyuma yake ziwa. Mwaka 2023 maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 50 chini ya kiwango cha kujaa, na siku ile tuliyoruka ziwa lilikuwa bado halijafika nusu. Kando yake kote miamba ina mshipi mweupe wa chokaa, kuonyesha maji yalipokuwa. Watu waliogombea bonde lile lisizamishwe walishindwa. David Brower, kiongozi wa chama cha Sierra Club, aliacha kulipinga bwawa hilo ili kuokoa bonde jingine, na baadaye alijuta sana. Sasa ukame unalifunua tena. Rubani alitushushia bawa juu ya vijibonde vilivyokuwa chini ya maji miaka mingi, na ndani yake tuliona miti michanga, mibichi kabisa.

Tuliona pia Rainbow Bridge, daraja la mawe lililochongwa na maji, kimo chake mita 88, nalo ni takatifu kwa Wanavajo. Theodore Roosevelt alifika hapo mwaka 1913, miaka minne baada ya kuja kwetu Afrika Mashariki kuwinda. Dada alikuwa amenishika mkono tangu tuliporuka. Hapo aliuachia akapiga picha.

Tuliporudi ndege ilipita tena juu ya magenge. Dada akaweka uso kiooni akitafuta mawe yake ya moto, akasema ameyaona. Mimi sikuyaona.

Usiku tulifika Phoenix. Sehemu ya maji ya mji huo hutoka Mto Colorado, yakisukumwa kwa pampu katika mfereji wa jangwani wenye urefu wa kilomita 540 hivi. Dada alifungua bomba, akajaza birika la chai, akaweka kidole chini ya maji kidogo.

"Haya yana joto," akasema, akawasha jiko.